Nyumba ya ramani imekwama: mezani, kwa mpatanishi, kwa mwamuzi au mahakamani?

Nilinunua nyumba ya ramani, yaani inayouzwa kabla haijajengwa, ya vyumba viwili, kwa kutazama kijumba cha plastiki. Kilikuwa juu ya meza ya kioo katika ofisi moja ya Westlands, kina bwawa la kuogelea la ukubwa wa kiganja na miti mirefu kama njiti za kiberiti. Nikalipa arbuni ya asilimia kumi, nikasaini, nikaanza kulipa kila robo mwaka. Mkataba ulisema miezi 24. Mwezi wa 31 nilikwenda Kiambu Jumamosi asubuhi, nikamkuta soja amekalia mfuko wa saruji ulioganda, anasikiliza redio. Ghorofa ya nne ilikuwa imeshamwagwa zege, na nondo za ya tano zimesimama juu yake zinashika kutu. Nikamuuliza mafundi wako wapi.

"Walienda Krismasi," akasema.

Ilikuwa Machi.

Tuko wanunuzi sitini na kitu kwenye kundi la WhatsApp, na kila wiki swali ni lilelile: twende kortini? Mimi si wakili, ni mtu aliyelipa mawakili wawili. Kati ya njia nne zilizopo, mbili nimezipita mwenyewe na mbili nimewatazama wenzangu wakizipita, kwa hiyo naziweka hapa bega kwa bega. Nazungumzia Kenya. Dubai nitaigusa mahali pamoja tu, kwa ajili ya walioko Ghuba wanaopigiwa simu za mauzo kutoka pande zote mbili.

Kwanza: nyumba au pesa?

Watu huanza kubishana kuhusu njia kabla hawajaamua wanataka nini. Anayetaka nyumba anaomba mstawishaji, yaani kampuni inayojenga na kuuza, alazimishwe kutimiza mkataba: amalize, akabidhi, ahamishe hati. Anayetaka pesa anavunja mkataba na kudai alicholipa, pamoja na riba na hasara. Kwenye hati ya madai unaweza kuvitaja vyote viwili, kimoja kikikosekana upewe kingine. Lakini ukishaandika barua ya kuvunja mkataba, nyumba umeiaga.

Rafiki yangu mwalimu, aliyenunua mradi mwingine kule Athi River, aliandika barua yake saa sita za usiku akiwa na hasira: mkataba huu umekufa, nataka pesa zangu. Akaituma kwa imeili bila kumwonyesha mtu. Miezi minne baadaye mafundi wakarudi kazini na bei za mtaa ule zikapanda. Nyumba yake akauziwa mtu mwingine. Yeye alirudishiwa kile alicholipa, bila riba hata shilingi, kwa sababu kifungu alichosaini kilisema hivyo hivyo. Na usitegemee jaji akuonee huruma hapo. Tangu kesi ya National Bank na Pipeplastic Samkolit ya mwaka 2001, Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia msimamo mmoja: mahakama haiandiki upya mkataba ambao watu wazima wameuandika wenyewe.

Kwa hiyo fungua mkataba wako utafute vitu vinne. Tarehe ya kumaliza: je, ni tarehe, au ni "inakadiriwa"? Muda wa nyongeza anaopewa mstawishaji, na sababu zinazomruhusu kuuchukua. Kifungu cha kurudisha pesa: kwa riba au bila, ndani ya siku ngapi, na je, atakata asilimia fulani au atangoja hadi nyumba yako iuzwe tena? Halafu kifungu cha migogoro, ambacho kwa kawaida kiko kurasa za mwisho ambako macho huwa yamechoka. Hicho cha mwisho ndicho kinachoamua nusu ya makala haya.

Kuna na cha tano ambacho watu hawakitazami kabisa, nacho ni saini. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba ya Kenya kinataka mkataba wa kuuza ardhi au haki iliyo juu ya ardhi uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na saini ya kila mmoja ishuhudiwe. Barua ya ofa yenye nembo nzuri na risiti za M-Pesa si mkataba wa namna hiyo. Zinaweza kukusaidia kudai pesa ulizotoa. Kudai nyumba kwa hizo ni shughuli nyingine.

Hati mama iko mfukoni mwa nani?

Kabla ya wakili, nenda kwa msajili wa ardhi ulipie sachi (upekuzi wa daftari) ya hati mama, yaani hati ya kipande chote cha ardhi mnachojengewa. Mimi nilikwenda mwezi wa 32. Ilipaswa iwe kabla ya mwezi wa kwanza. Karatasi iliyotoka ilionyesha kwamba ardhi imewekwa rehani benki, na tarehe ya rehani ilikuwa wiki sita tu baada ya arbuni yangu.

Rehani yenyewe si dhambi, miradi mingi hujengwa kwa mkopo. Tatizo ni kwamba, kwa kifungu cha 87 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, rehani ikiwa na sharti kwamba ardhi haihamishwi bila idhini ya benki, msajili hatasajili uhamisho wowote mpaka idhini hiyo ya maandishi ionekane. Mnunuzi ambaye wakili wake alichukua barua ya benki mapema, ikiahidi kuachilia nyumba yake akimaliza kulipa, amesimama mahali tofauti kabisa na mimi. Mstawishaji akishindwa kulipa, benki inampa notisi ya siku 90, kisha ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali anaingia na notisi yake ya siku 45. Ukisoma tangazo la mnada gazetini, ujue saa ilianza kuhesabu zamani.

Hapa ndipo njia zinapoanza kutofautiana kwa vitendo. Kama hati iko safi na zege linaendelea kumwagwa, unayo nafasi ya kuzungumza. Kama benki imeanza kuhesabu siku, mazungumzo peke yake ni kupoteza siku hizo.

Jambo moja unaloweza kufanya bila kufungua kesi ni kuweka zuio kwenye daftari la ardhi, chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Anayedai haki kwa mkataba anaruhusiwa. Zuio haliondoi rehani iliyotangulia, lakini linamzuia mstawishaji asihamishe ardhi kimyakimya au kuongeza rehani nyingine juu ya ile. Msajili anaweza kukuita ueleze kwa nini lisiondolewe, na ukiliweka bila sababu ya msingi utalipa hasara ya mwenzako. Kwetu watu wanne tuliweka. Wengine waliogopa "kumuudhi" mstawishaji. Nilimwelewa kila aliyeogopa, maana mtu akikushikia milioni sita unajikuta unamsalimia kwa adabu.

Mezani

Njia ya kwanza ni kukaa chini na mstawishaji na kuandikiana. Wakili wa kwanza aliniambia nianze na notisi ya kukamilisha. Mikataba mingi ya Kenya hubeba ndani yake Masharti ya Uuzaji ya Chama cha Mawakili, toleo la 2015, na kwa masharti hayo upande uliochelewa hupewa notisi ya siku 21. Notisi ilileta matunda haraka: siku ya 17 tukaitwa Westlands. Kijumba cha plastiki kilikuwa bado mezani, kimeota vumbi kwenye bwawa.

Nilichagua pesa. Tukasaini makubaliano ya kunirudishia kwa awamu sita, nikapewa hundi sita za tarehe za mbele. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita. Ya tatu ilirudi na muhuri wa benki. Nikampigia wakili nikiwa na uhakika kwamba mtu atalala ndani usiku ule, kwa kuwa mtaani tunaamini hundi ikirudi ni polisi moja kwa moja. Akacheka taratibu. Kosa la kutoa hundi isiyo na pesa limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 316A, lakini hundi ya tarehe ya mbele imetolewa nje ya kosa hilo. Nilikuwa nimepokea karatasi sita za ahadi zilizochapwa vizuri.

Ila makubaliano yenyewe hayakuwa bure. Mstawishaji alikuwa amekiri kwa maandishi, na kwa saini, kwamba ananidai... hapana, kwamba mimi ninamdai, na kiasi gani. Kukiri kwa namna hiyo kunafanya mambo mawili. Kwanza, muda wa kufungua kesi, ambao kwa mikataba ni miaka sita, unaanza kuhesabiwa upya. Pili, ukifika mahakamani huhitaji tena kubishana kuhusu nani alichelewesha nini. Unaomba hukumu kwa msingi kwamba deni limekiriwa. Yaani meza ilinipa sehemu ya pesa, na kwa kile kilichobaki ikanipa kesi fupi.

Kwa hiyo usisaini makubaliano ambayo yanakutaka uachane na madai yote siku unayopokea hundi. Andika kwamba unaachana nayo siku awamu ya mwisho itakapoingia kwenye akaunti. Na andika kwamba awamu moja ikikosa, deni lote linaiva siku hiyo hiyo. Yangu ilikuwa na hili la pili kwa sababu wakili alilisisitiza, mimi nilikuwa nataka tu nisaini twende.

Kwa mpatanishi

Neno linachanganya. Tanzania ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi, ambako usuluhishi ni kule kupatanisha. Kenya wengi huita usuluhishi kila kitu kisicho cha mahakama. Hapa mpatanishi ni yule asiyeamua: anakaa katikati, anawasikiliza, na msipokubaliana anakunja makaratasi yake. Mwamuzi nitamfikia.

Upatanishi ulio chini ya mahakama ulianza Kenya kwa majaribio Nairobi mwaka 2016 na umeenea. Kesi ikishafunguliwa, inaweza kupelekwa huko. Muda ni siku 60, na unaweza kuongezwa kidogo. Mpatanishi analipwa na Idara ya Mahakama, si na nyinyi. Mkikubaliana, makubaliano yanakuwa amri ya mahakama na hayakatiwi rufaa.

Ukilinganisha na meza ya Westlands, tofauti kubwa ni hiyo amri. Makubaliano ya mezani yakivunjwa unaanza kesi, ya kwa mpatanishi yakivunjwa unakwenda kukazia hukumu, yaani kulazimisha itekelezwe. Njia hii inafaa pale ambapo ubishi ni wa vipimo: umeahidiwa mita za mraba 85 ukapewa 78, vigae si vile vya kwenye onyesho, maegesho mawili yamekuwa moja, orodha ya kasoro ina vitu arobaini na mstawishaji amerekebisha kumi na mbili. Haya ni ya kukutana katikati. Mstawishaji asiye na pesa, mpatanishi hana cha kumfanya.

Kwa mwamuzi wa faragha

Mwamuzi ni mtu binafsi mnayemlipa asikilize na kukata shauri nje ya mahakama. Kama kifungu cha migogoro kinasema mgogoro "utapelekwa" kwake, basi si hiari yako tena. Ukikimbilia mahakamani, mstawishaji ana haki, kwa kifungu cha 6 cha Sheria ya mwaka 1995 inayosimamia waamuzi hawa, kuomba kesi isimamishwe mwende kwa mwamuzi. Anatakiwa aombe mapema, kabla au wakati ule ule anapojitokeza kwenye kesi. Akijibu madai kwanza, amechelewa. Mara chache mstawishaji mwenye wakili hodari huchelewa.

Mwamuzi huchaguliwa kwa makubaliano, na mkishindwa, mkataba hutaja nani atamteua. Mingi humtaja mwenyekiti wa tawi la Kenya la Chartered Institute of Arbitrators. Uzuri wake ni kwamba mnaweza kupata mtu anayejua ujenzi, anayeweza kusoma cheti cha mbunifu majengo na kujua ni wapi pamedanganywa. Vikao ni vya faragha. Tuzo yake, yaani uamuzi anaoutoa, ni ya mwisho, na anayetaka kuipinga ana miezi mitatu ya kwenda Mahakama Kuu kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Kutoridhika si mojawapo.

Ubaya ni ada. Jaji humlipi, mwamuzi unamlipa, na ukumbi unaulipa. Kwa kawaida kila upande hutanguliza nusu, na mstawishaji akigoma kutoa nusu yake, utaibeba nzima ukitaka mambo yaende, kisha uidai kwenye tuzo. Jirani yangu mtarajiwa, mfanyabiashara wa vipuri, alikuwa amelipia nyumba tatu. Kwake hesabu ilikubali. Mimi mwenye moja, na sehemu yake nimesharudishiwa, ada ile ingekula nyama na kuniachia mfupa.

Halafu kuna hilo neno "ya mwisho". Mfano mkubwa kabisa wa Kenya unatoka Nairobi, barabara ya Riverside. Kampuni ya Synergy Industrial Credit ilikubaliana na Cape Holdings mwaka 2010 kununua jengo la ofisi ndani ya mradi wa 14 Riverside. Mgogoro ukaenda kwa mwamuzi, na mwaka 2015 akatoa tuzo ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6 kwa mnunuzi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaifuta, ikiona mwamuzi alivuka mipaka ya alichopelekewa. Swali la kama uamuzi huo unaweza hata kukatiwa rufaa likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Desemba 2019 ilisema inawezekana, ila kwa nadra. Mahakama ya Rufani ikairudisha tuzo mwaka 2020, na kuikazia kukaendelea kuzua ubishi baada ya hapo. Miaka mitano kutoka tuzo hadi tuzo ile ile.

Mimi sisomi kisa hicho kama sababu ya kumkimbia mwamuzi. Nakisoma kama onyo la namna ya kumpelekea mgogoro: kama mna mikataba kadhaa, ya nyumba, ya maegesho, ya kubadilisha block, hakikisha barua inayompeleka kwake inaitaja yote. Tundu la kupenyeza pingamizi ni pale anapoamua jambo ambalo hakupewa.

Na ukiwa kwa mwamuzi hujanyang'anywa mahakama moja kwa moja. Kifungu cha 7 kinakuruhusu kuomba Mahakama Kuu amri ya muda ya kulinda kinachogombaniwa, nyumba isiuzwe wakati mnasubiri.

Mahakamani

Kesi za ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa Katiba ya 2010 na sheria ya 2011. Nasema "huenda" kwa tahadhari. Mwaka 2017, katika kesi ya Co-operative Bank na Kangethe Njuguna, Mahakama ya Rufani ilisema migogoro ya rehani na hesabu za mkopo si ya mahakama hiyo, ni ya Mahakama Kuu. Kwa mnunuzi wa nyumba ya ramani hilo lina maana: kama unadai nyumba, mlango ni mmoja, kama ugomvi wako kimsingi ni wa pesa au wa rehani ya benki, wakili akae chini afikiri kwanza. Ukibisha hodi mlango usio wako, mwaka mmoja baadaye unaweza kuambiwa uanze upya. Mmoja wetu yamemkuta, na ada ya wakili haikurudi.

Mahakama ina kitu ambacho wengine hawana: amri inayomfunga hata asiyesaini mkataba wako. Benki haikusaini mkataba wangu. Mwamuzi hawezi kuiita mezani kwa nguvu, mpatanishi hawezi, jaji anaweza. Kwa hiyo kama tishio lako ni mnada, au kama nyumba yako imeuzwa mara mbili na kuna mtu mwingine ameshika funguo, sioni njia nyingine ya maana.

Inachokula mahakama ni wakati. Siku ya kwanza niliyohudhuria kwa video, kesi yetu ilikuwa namba 23 kwenye orodha. Wakili wa mstawishaji aliomba siku 14 za kujibu, akapewa, tukatajwa tena baada ya miezi mitatu. Dakika nne jumla. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nzima kazini.

Wale ambao pesa yao ni ndogo, tuseme ada ya kushika nafasi ambayo mstawishaji amekataa kuirudisha, waulizie Mahakama ya Madai Madogo. Mwisho wake ni shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Haigusi ugomvi wa hati wala umiliki, kwa hiyo dai lako liwe la pesa tupu. Kwa laki tatu, sidhani kuna haja ya kutafuta mahali pengine.

Kabla hujaenda popote, fungua tovuti ya Kenya Law, ni bure, utafute jina la kampuni. Hukumu nyingi ziko pale. Utajua kama imewahi kushtakiwa, na zaidi utajua inajitetea vipi: kampuni nyingi hutumia utetezi ule ule kesi hadi kesi. Ila usiridhike na ukimya wa tovuti: kumbuka kwamba waliokwenda kwa mwamuzi hawaonekani pale mpaka wagombane tena.

Polisi, na kampuni inapozama

Kundini kuna mzee ambaye kila mara husema, "Wapelekeni DCI," yaani kwa wapelelezi wa jinai. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu, na kesi ya madai haizuii ya jinai. Kama ardhi haikuwa yao kabisa, nendeni, tena mapema. Lakini ujenzi uliokwama kwa sababu mkopo umekauka si lazima uwe udanganyifu, na kesi ya jinai haikujengei ghorofa ya tano. Polisi nao wanajua kutofautisha mwizi na mdaiwa, hata wakikuandikia namba ya OB, daftari la matukio la kituo.

Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, mambo yote hapo juu yanasimama. Huanzishi kesi wala kuendelea nayo bila idhini ya msimamizi au ya mahakama. Unajaza fomu ya dai na kusubiri, na mwenye rehani yuko mbele yako. Mnunuzi ambaye hajahamishiwa hati hukaa na wadai wasio na dhamana, pamoja na muuza mchanga na muuza nondo.

Ni hapo ndipo napolinganisha na Dubai, maana kundini tuna jamaa aliye Doha anayetuambia kila siku kwamba angenunua kule. Dubai, kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2007, pesa ya mnunuzi wa nyumba ya ramani inaingia kwenye akaunti maalumu ya mradi, na kwa Namba 13 ya 2008 mauzo hayo husajiliwa kwenye daftari la muda. Miradi ilikwama kule pia, hasa baada ya mtikisiko wa 2008, na kesi zilikuwepo. Tofauti ni kwamba mnunuzi anaanza ugomvi akiwa na jina lake kwenye daftari la serikali. Kwetu anaanza akiwa na faili la risiti.

Jamaa huyo wa Doha alilipa bei yote mkupuo mmoja kwa ajili ya punguzo. Juzi aliniuliza achague ipi kati ya hizi nne. Nikamwomba anipigie picha kurasa tatu tu: ya tarehe, ya migogoro, na ya saini. Ya tarehe ilisema inakadiriwa. Ya migogoro ilisema mwamuzi. Kwenye ya saini, jina lake lilikuwa pale, mhuri wa kampuni ulikuwa pale, na mistari miwili ya mashahidi ilikuwa mitupu.

Nimemwambia asahau nyumba kwanza, atafute wakili wa kudai pesa, na ahesabu tarehe. Alilipa miaka mitano na miezi saba iliyopita.